Ungamo Lisilofika Mahakamani

Atokaye Kitale kwenda Bungoma kwa njia ya Kiminini na Kimilili huuona Mlima Elgon kuumeni kwake. Huko juu ni nchi ya mahindi, na kadiri ashukavyo ndivyo miwa inavyozidi. Na asubuhi na jioni, pembezoni mwa barabara, huwaona watoto wa shule wakienda na kurudi kwa miguu, makundi kwa makundi. Nimewataja watoto kwa makusudi. Habari nitakayoisimulia ni ya mtu aliyekiri kwamba aliwaua watoto, na siku ya mwisho wake, kama ilivyoelezwa wakati ule, watu wa kwanza kumtambua walikuwa watoto wa shule.

Jina lake ni Masten Milimo Wanjala, na kwao ni kijiji cha Mukhweya katika kaunti ya Bungoma. Alipokamatwa jijini Nairobi mwezi Julai 2021 alikuwa kijana wa miaka 20. Hakuwa na cheo wala mali, wala hapakuwa na neno la kumtofautisha na maelfu ya vijana watokao magharibi ya Kenya kwenda mjini kutafuta riziki. Kilichomtia mikononi mwa polisi ni kupotea kwa wavulana wawili, mmoja wa miaka 12 na mwingine wa miaka 13, ambao maiti zao zilionekana vichakani upande wa Kabete.

Kwa maelezo ya polisi, hila yake ilikuwa mpira. Alijifanya mwalimu wa kandanda, akawaendea wavulana wapendao mchezo, akawaahidi mambo, kisha akawachukua hadi mahali pasipo watu. Wengine, walisema polisi, aliwalevya kwa dawa. Na baadhi ya wazazi walidaiwa fedha ili watoto wao warudishwe, hali watoto wenyewe walikwisha kufa. Mzazi yeyote anaweza kuona ubaya wa hila hiyo. Mtoto hufundishwa kumwogopa mtu mkali; ni nani amfundishaye kumwogopa mtu mwenye mpira mkononi?

Baada ya kukamatwa, Idara ya Upelelezi wa Jinai ilitangaza kwamba mtu huyo amekiri kuua watoto 10 au zaidi, katika muda wa miaka mitano, huko Machakos, Bungoma, Kajiado na Nairobi. Kwa hesabu hiyo aliua mara ya kwanza akiwa na miaka 16, na aliyeuawa alikuwa msichana wa miaka 12 katika Machakos. Ikatangazwa pia kwamba baadhi ya watoto hao aliwanyonya damu. Hili la damu ndilo lililoenea upesi kuliko yote, likavuka bahari hata likachapwa katika magazeti ya Ulaya. Nami naona ndilo jambo gumu kuliko yote kulithibitisha, kwa kuwa shahidi wake wa pekee alikuwa msemaji mwenyewe. Hesabu nayo haikutulia: wengine walisema 10, na kufikia mwezi Oktoba wengine wakasema 13.

Katika maungamo hayo limo neno moja lihusulo Kimilili. Mtoto wa pili kuuawa, kwa maelezo yale yale, aliuawa huko, na kifo chake kilizua ghasia. Watu walikuwa na hasira, walitaka mwuaji, na mwuaji hakuonekana. Basi wakamgeukia mtu waliyemdhania kuwa mchawi, wakaitia moto nyumba yake. Ikiwa Wanjala alisema kweli, nyumba ile iliteketezwa bure, na mwenye kustahili kukamatwa alikuwa akitembea huru, na watoto wengine wakafa baada ya hapo. Msomaji alishike jambo hili, maana tutalirudia.

Sasa yafaa tuulize: ungamo ni kitu gani? Watu wengi hudhani kwamba mtu akisema "Ni mimi" shauri limekwisha, kwa kuwa hapana mwenye akili awezaye kujichongea mwenyewe. Wanasheria hawakuamini hivyo hata zamani. Sheria ya Ushahidi ya Bara Hindi ya mwaka 1872, ambayo Waingereza waliileta Afrika ya Mashariki ikatumika Kenya hata mwisho wa ukoloni, ilikataza ungamo lililotolewa kwa ofisa wa polisi lisitumiwe juu ya mshitakiwa. Sababu yake yafahamika kwa urahisi. Mtu aliyefungiwa ndani, asiye na ndugu wala wakili karibu naye, aweza kusema lolote: kwa kupigwa, kwa kunyimwa usingizi, kwa kuahidiwa nafuu, au hata kwa kutaka kusikilizwa tu.

Hata hivyo sheria ile iliacha mlango mmoja wazi. Ikiwa maneno ya mfungwa yamewapeleka polisi mpaka kwenye kitu kilichofichwa, maneno yale yahusuyo kitu hicho yaliweza kutolewa barazani. Hapa pana busara kubwa. Mtu aweza kudanganya kwamba ameua. Lakini kama hajui maiti ilipo, hawezi kumwonyesha mtu mahali pake. Kwa kipimo hiki, maungamo ya Wanjala hayakuwa upepo mtupu, maana polisi walieleza kwamba aliwaongoza hadi mahali alipowatupa watoto. Lakini kipimo hicho hupima kifo kimoja kimoja. Kuonyesha maiti mbili hakuthibitishi vifo vingine 8 au 11.

Kenya ilipata Sheria yake ya Ushahidi, iliyoanza Desemba 1963, na tangu hapo mambo ya maungamo yamebadilishwa zaidi ya mara moja. Mwaka 2003 ungamo la nje ya mahakama lilikataliwa. Mwaka 2007 mlango ukafunguliwa kidogo: laweza kupokewa likitolewa mbele ya ofisa wa polisi mwenye cheo kilichotajwa na sheria, asiyekuwa yule anayechunguza shauri lenyewe, na mbele ya mtu wa tatu ambaye mshitakiwa amemchagua mwenyewe. Katiba ya mwaka 2010 nayo, katika Ibara ya 49, inakataza mtu aliyekamatwa kushurutishwa kukiri. Na katika Ibara ya 50 inaamuru ahesabiwe kuwa hana hatia mpaka kinyume chake kithibitishwe. Kwa hiyo yale yaliyotangazwa Julai 2021 yalikuwa habari. Hayakuwa hukumu, wala hayakuwa bado ushahidi.

Pengine msomaji ataona kwamba hizi ni hila za mawakili, za kumwokoa mtu mwovu. Nami namwomba avumilie nimpeleke Marekani, katika jimbo la Texas, aone nchi tajiri yenye polisi wengi ilivyoaibishwa na maungamo ya mtu mmoja.

Henry Lee Lucas alizaliwa Virginia mwaka 1936. Mwaka 1960 alimwua mama yake mzazi, akafungwa, naye akatoka gerezani mwaka 1970. Mwezi Juni 1983 alikamatwa Texas kwa kosa la kuwa na silaha, na akiwa kizuizini akakiri kumwua mwanamke mzee pamoja na msichana aliyekuwa akisafiri naye. Kama angaliishia hapo, jina lake lingalisahauliwa. Lakini alipoletwa mbele ya jaji alisema kwamba amewaua wanawake wengi mno, wapata mia. Baadaye hesabu ikapanda ikawa mamia.

Polisi wa Texas waliunda kikosi cha kumshughulikia katika mji wa Georgetown, na maofisa kutoka majimbo mengi wakaja na majalada yao ya zamani, yale yaliyokuwa yamewashinda, wakamwuliza: "Je, na huyu?" Mara nyingi Lucas alijibu kwamba ndiye. Kwa kila jibu alipata kitu: sigara, chakula kizuri, safari za kwenda kuonyesha mahali, na zaidi ya yote kusikilizwa na watu wakubwa, yeye ambaye tangu utotoni hakuwa kitu mbele ya mtu. Baadaye ikasemwa kwamba alionyeshwa picha na karatasi za mashauri kabla ya kuulizwa, hata akaweza kutaja mambo ambayo, kwa kudhaniwa, mwuaji tu angeyajua. Mashauri zaidi ya 200 yalifungwa kwa neno lake.

Mwaka 1985 waandishi wa gazeti la Dallas Times Herald walifanya kazi ambayo polisi waliiacha. Walikusanya karatasi za mishahara, stakabadhi na kumbukumbu za polisi, wakaziweka kwa taratibu ya siku, wakamfuata Lucas katika ramani. Ikaonekana kwamba, kama maungamo yake yangekuwa kweli yote, ingempasa kuendesha gari usiku na mchana bila kulala, akiua katika jimbo hili leo na kesho katika jimbo lililo mbali kabisa. Mwaka uliofuata Mwanasheria Mkuu wa Texas, Jim Mattox, akatoa taarifa iliyotia shaka kubwa juu ya maungamo hayo.

Shauri moja ndilo lililokuwa zito kuliko yote. Mwaka 1979 maiti ya mwanamke ilionekana karibu na Georgetown, haina nguo ila soksi za rangi ya machungwa, wala hapakuwa na mtu wa kumtambua. Lucas alikiri, na mwaka 1984 akahukumiwa kufa kwa kosa hilo. Lakini kumbukumbu za kazi zilionyesha kwamba siku zile alikuwa Florida, akiezeka mapaa, mbali sana na mahali pale. Mwezi Juni 1998 Gavana George W. Bush aliibadili hukumu ikawa kifungo cha maisha. Na katika miaka yake yote ya ugavana hiyo ndiyo hukumu ya kifo pekee aliyoipunguza. Lucas alifariki gerezani mwezi Machi 2001, akiwa na hatia ya mauaji 11 katika kumbukumbu za mahakama. Alikwisha kukana maungamo yake mengi. Mwanamke wa soksi za machungwa alijulikana jina mwaka 2019, miaka 40 baada ya kuuawa.

Yatazame haya kwa jicho la mzazi. Lucas alikuwa mwuaji. Hilo halina ubishi. Lakini kila alipokiri kifo kisichokuwa chake, jalada lilifungwa, na mwuaji wa kweli, popote alipokuwa, akapumua. Ungamo la uongo humdhuru aliyekiri, na zaidi humdhuru aliyefiwa, maana huambiwa kwamba amepata jibu hali hakupata kitu.

Kenya nayo ilipata kuona jambo lenye sura hiyo. Mwaka 2010 mtu aliyekuwa mlinzi, Philip Onyancha, alitangazwa kuwa amekiri kuua watu 19 naye akikusudia kufikisha 100. Hapo tena damu ilitajwa. Aliposomewa mashitaka mahakamani alikana. Maungamo ya kituoni yanapofika kizimbani mara nyingi hubadilika sura, na hapo ndipo kazi ya jaji huanza.

Wala watu wa Kitale hawana haja ya kwenda Texas kujifunza juu ya maneno yaliyosemwa chini ya mkono wa serikali. Mwaka 1952 Jomo Kenyatta na wenzake watano walishitakiwa Kapenguria, mwendo wa kilomita 40 hivi kutoka Kitale, na mawakili wao, akiwemo D. N. Pritt kutoka Uingereza, walikuwa wakilala Kitale na kusafiri kila siku kwenda na kurudi, maana Kapenguria hapakuwa na nyumba ya kuwapokea. Shahidi mkubwa wa serikali, Rawson Macharia, aliapa kwamba alimwona Kenyatta akiwalisha watu kiapo. Kenyatta akahukumiwa mwezi Aprili 1953. Mwaka 1958 Macharia huyo huyo aliapa tena kwamba ushahidi wake ulikuwa wa uongo, nao ulilipiwa. Na mwaka 1959 akafungwa yeye, kwa kuwa serikali ilikishitaki kiapo chake cha pili na si cha kwanza.

Lilikuwa shauri baya. Lakini tazama: maneno ya Macharia yalisemwa mbele ya watu, wakili akayahoji, karani akayaandika. Kwa hiyo miaka mitano baadaye yaliweza kufunuliwa na kuwekwa bega kwa bega na maneno mapya. Hata mahakama iliyopotoka iliacha karatasi ambayo wajukuu waweza kuisoma. Maneno ya Wanjala hayakupata hata hayo. Twayajua kwa vinywa vya waliomlinda tu.

Turudi kwake. Baada ya kukamatwa, mahakama iliwaruhusu polisi kuendelea kumzuia ili wachunguze, naye akawekwa katika kituo cha polisi cha Jogoo Road, Nairobi. Siku ya Jumatano tarehe 13 Oktoba 2021 ilikuwa siku ya kumpeleka mahakamani. Asubuhi wafungwa walipoitwa majina, yeye hakuwapo. Jinsi mtu aliyetajwa nchi nzima kuwa mwuaji wa watoto alivyotoka katika kituo chenye askari ni jambo lililowashangaza hata wakubwa wa polisi wenyewe, na askari watatu waliokuwa zamu wakakamatwa.

Mtu mwenye kukimbia angetazamiwa kujificha mahali asipojulikana. Wanjala alikwenda kwao. Kutoka Nairobi hadi Bungoma ni kilomita 400 hivi, naye alizipita zote akafika Mukhweya. Sijui kama kuna sehemu ya habari hii inayonigusa kuliko hiyo. Hapakuwa na mlango uliomngoja. Watoto wakamwona wakamjua, habari ikaenea, watu wakakusanyika. Alijaribu kujificha katika nyumba ya jirani, akatolewa nje, akauawa. Kufikia tarehe 15 Oktoba nchi nzima ilikuwa na habari.

Wengi walishangilia. Siwezi kuwalaumu wazazi waliofiwa kwa kuwa hawakulia. Lakini wale waliomwua Mukhweya hawakuwa na ushahidi zaidi ya ule waliokuwa nao wenzao wa Kimilili walipochoma nyumba ya yule waliyemwita mchawi. Pale palikuwa na uvumi, na hapa palikuwa na tangazo. Hapa, kwa yumkini, walimpata mwenye hatia; kule, kwa ungamo la mwenye hatia mwenyewe, walimkosa. Kundi la watu lilikuwa na uhakika ule ule mara zote mbili.

Ajabu ni kwamba mwezi ule ule wa Julai 2021 mtu mwingine alikamatwa Moi's Bridge, kusini ya Kitale, katika uchunguzi wa mauaji ya wasichana watano wa sehemu hizo. Naye pia huitwa Wanjala, jina la kawaida katika nchi hiyo, na kwa sababu hiyo watu wengi hadi leo huwachanganya wawili hao na kuzifanya habari mbili kuwa moja. Yule wa Moi's Bridge hakuuawa na umati. Shauri lake lilipelekwa Mahakama Kuu ya Eldoret, likasikilizwa na jaji. Ni mwendo mrefu na wa kuchosha, wenye kuahirishwa mara kwa mara, na mama aliyefiwa hulazimika kupanda gari na kwenda kuketi barazani na kusikia mambo ambayo mtu hatamani kuyasikia. Lakini husikia. Huambiwa mtoto wake aliuawa siku gani, mahali gani, na kwa dalili zipi yajulikana kwamba ni huyu na si mwingine.

Wazazi wa watoto waliotajwa na Masten Wanjala hawakupata nafasi hiyo. Tuseme angalisimamishwa kizimbani ile Jumatano na siku zilizofuata: mwongoza mashitaka angalimwuliza juu ya Machakos, yule kijana wa miaka 16 alifikaje huko, alikaa kwa nani, na nani alimwona na yule msichana. Angalimwuliza juu ya Kimilili, ni saa ngapi na njia ipi. Wakili wake naye angalisimama akauliza ni maofisa gani waliokuwapo alipokiri, na yule mtu wa tatu ambaye sheria yamtaka alikuwa nani, na je, alipigwa? Halafu wangaliendelea kwa mtoto wa tatu, na wa nne, na wa tano, kila mmoja na tarehe yake na mahali pake, hadi hesabu ijulikane kama ni 10 au 13, au pungufu, au zaidi.